Ngazi ya Haja na Nafasi ya Shairi

Kuna hoja ambayo kila mpenda mashairi wa mwambao ameisikia walau mara moja. Husemwa katika vikao vya bajeti, husemwa shuleni vipindi vinapopunguzwa, na husemwa barazani kwa sauti ya upole kabisa: watu hawana maji, zahanati haina dawa, nanyi mwataka kuzungumza juu ya vina na mizani? Tumbo kwanza, shairi baadaye. Hoja yenyewe ni kongwe na haina uovu ndani yake. Aghlabu hutoka kwa mtu mwenye huruma. Lakini katika miongo ya karibuni imevishwa joho la taaluma. Anayeisema huwa na mchoro wa kuonesha: piramidi yenye matabaka matano, chakula na maji chini, usalama juu yake, kisha mapenzi, kisha heshima, na kileleni, penye ncha nyembamba kuliko zote, kile kinachoitwa kujikamilisha. Huko ndiko shairi lilikopangiwa chumba. Alitakaye na apande. Na hawezi kupanda kabla ya kushiba.

Mchoro huo hunasibishwa na Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1908 na kufariki mwaka 1970. Umeenea mno. Umo katika vitabu vya biashara, vya ualimu na vya uuguzi, na haukosekani katika semina za uongozi, kiasi kwamba wengi wanaoutaja hawajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa mtu huyo. Ni haki basi kumfanyia Maslow kile ambacho washairi hufanyiwa na wahakiki wao: kumsoma mwenyewe, kwa utulivu, na kuuliza alichosema, alichosingiziwa na alichokosea.

Andiko lenyewe ni makala aliyoichapisha mwaka 1943 katika jarida la Psychological Review, wakati alipokuwa akifundisha katika chuo cha Brooklyn na vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto. La kwanza linalomshangaza msomaji ni kwamba ndani yake hamna piramidi. Hamna mchoro wowote. Piramidi ilikuja baadaye, mikononi mwa watu wa uongozi wa biashara. Watafiti walioifuatilia historia hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019 waliikuta kwa mshauri mmoja wa biashara, Charles McDermid, katika makala yake ya mwaka 1960 iliyohusu namna fedha inavyowasukuma watu kazini. Jambo hili si dogo. Picha inayotumiwa leo kumwambia mshairi asubiri zamu yake ilizaliwa katika mazungumzo juu ya mishahara.

La pili ni uangalifu wa kauli zake. Maslow anakiri kwamba mpangilio wake si amri isiyovunjika. Anasema kitendo kimoja aghlabu husukumwa na haja kadhaa kwa pamoja. Anasema pia kwamba haja ya chini haihitaji kushiba kabisa ndipo ya juu izaliwe, na hapo anatoa tarakimu za kubuni, kwa mfano tu: mtu wa kawaida huenda ametosheka kwa asilimia 85 katika haja za mwili, 70 katika usalama, 50 katika mapenzi, 40 katika heshima na 10 katika kujikamilisha. Anawataja watu ambao kwao mpangilio huo umepinduka, miongoni mwao wale waliozaliwa na kipaji cha ubunifu chenye nguvu kuliko upungufu wowote. Wala hawasahau mashahidi wa imani na fikra, watu walioacha kila kitu kwa ajili ya jambo waliloliamini.

Tena inafaa kukumbuka alikuwa akijibizana na nani. Mwaka ule ule wa 1943 Clark Hull wa chuo kikuu cha Yale alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya kanuni za tabia, ambamo kiumbe husukumwa na upungufu wa mwili, hutenda mpaka upungufu ule upungue, na kile kilichoupunguza hujifunza kukirudia. Nadharia hiyo ilijengwa zaidi juu ya panya maabarani. Mbele ya Hull, Maslow ni mkombozi. Yeye ndiye aliyesema kwamba mwanadamu aliyeshiba hatulii kama panya aliyeshiba. Njaa moja ikiondoka, nyingine huzaliwa, na miongoni mwa hizo mna njaa ya kupendwa na njaa ya kutenda kile ambacho nafsi imeumbiwa. Asiyeuona ukombozi huo hawezi kumhakiki kwa haki.

Lakini la tatu ndilo zito, nalo limejificha katika sentensi ambayo wasomaji wengi huipita. Akimweleza mtu aliyeshikwa na njaa kali, Maslow anayaorodhesha mambo ambayo mtu huyo huyasahau: tamaa ya kuandika mashairi, tamaa ya kupata motokaa, hamu ya kujua historia ya Marekani, na kutaka jozi mpya ya viatu. Mpenda mashairi hana budi kusimama hapo. Shairi, motokaa, viatu: vitu vitatu vya kuwa navyo, na atakayevikosa ataendelea kuishi. Kurasa chache mbele shairi linarudi, safari hii likiwa kileleni, pale Maslow anapotoa mfano wa mwanamuziki, mchoraji na mshairi ambao hawana budi kufanya kazi yao iwapo wanataka hatimaye kuwa na furaha. Kwa hiyo katika makala moja shairi limetokea mara mbili, chini kando ya viatu na juu kando ya furaha. Mahali pote pawili ni ziada. Hakuna mahali ambapo shairi ni chombo cha kuishia, kitu ambacho mtu hukishika kwa sababu hajashiba, kwa sababu hayuko salama.

Mwenye kuitafsiri nadharia hii kwa Kiswahili hukutana na mitego inayomfundisha zaidi ya kamusi. Neno la kwanza ni haja. Katika lugha hii mtu huenda haja, huomba haja kwa Mola wake, huwa na haja na mwenziwe, na akichukizwa husema hana haja. Lililo chini kabisa na lililo juu kabisa vinakaa katika neno moja bila ya kugombana, na hapana ngazi baina yao. Neno la pili ni lile la kileleni. Likitafsiriwa kujikamilisha, msomaji wa Kiswahili hushtuka kidogo, kwani ukamilifu ni sifa ya Mungu, na mja anayejinadi nao hutazamwa kwa shaka. Kujitimiza ni bora. Lakini kutimiza huja na ahadi au nadhiri, na ahadi haina maana bila ya yule aliyeahidiwa. Neno la tatu ni motisha, jina la somo lenyewe. Neno hilo ni geni na limekwisha kupata maana yake ya maofisini: mfanyakazi akiambiwa ataongezewa motisha, hungojea bahasha. Maneno ya kale ya jambo hili ni mengine. Kuna ari, ambayo humwamka mtu akiona wenzake wamemtangulia. Kuna shauku, ambayo ni ya kumwelekea fulani. Kuna nia, ambayo hupimwa na Mwenye kuziona nia. Karibu kila moja lina mtu wa pili ndani yake. Ngazi ya Maslow hupandwa na mtu mmoja.

Haya yote hayafuti ukweli wa njaa. Mshairi anayedai kwamba njaa haiharibu shairi hajapata kulala nayo; mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ushahidi wake ni mkali. Kuanzia Novemba 1944 Ancel Keys na wenzake wa chuo kikuu cha Minnesota waliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri, wakawaweka chini ya uwanja wa mpira wa chuo, na kwa miezi sita ya mwaka 1945 wakawalisha kidogo mno hadi wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950 katika mabuku mawili mazito. Vijana waliokuwa na mapenzi ya vitabu na siasa walianza kusoma vitabu vya mapishi. Waliota chakula. Waliramba sahani. Mazungumzo yao yalififia na hamu ya wanawake ikawatoka. Anayetaka kumtetea Maslow hana shahidi bora kuliko huyu.

Hata hivyo shahidi huyo ana sehemu ya pili ya ushahidi wake, nayo haisomwi sana. Vijana wale hawakufungwa. Walijitolea. Walikwenda Minnesota ili elimu ipatikane ya kuwalisha watu wa nchi zilizoangamizwa na vita, na wengi wao, huku akili zao hazina jingine ila mkate, walibaki mpaka mwisho. Njaa iliwanyang'anya hamu ya kila kitu isipokuwa sababu iliyowaleta. Katika ngazi ya haja jambo hili haliwezekani: mtu amekaa kipandio cha chini kabisa, na kinachomweka hapo ni kitu cha juu kabisa. Jaribio lililofanywa kupima nguvu ya tumbo lilipima pia, bila ya kukusudia, kikomo cha nguvu hiyo.

Mashahidi wengine hawakujitolea. Mwaka 1944 Primo Levi, mkemia wa Kiitaliano, alikuwa mfungwa wa Auschwitz. Katika kitabu chake cha mwaka 1947 anasimulia siku aliyokwenda na kijana aitwaye Jean kuchukua sufuria la supu ya wafungwa. Jean alitaka kujifunza Kiitaliano, na Levi akaanza kumsomea kwa moyo shairi la Dante, mahali ambapo Ulysses anaisimulia safari yake ya mwisho. Mistari mingine ilikuwa imempotea. Anasema alikuwa tayari kuitoa supu ya siku hiyo apate kukumbuka namna ya kuunganisha kipande na kipande. Miaka karibu 40 baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alijiuliza kama alitia chumvi, akajibu kwamba hapana: wakati ule angelitoa mkate na supu kweli, kwa sababu mistari ile ilimrudisha kwao na kumthibitishia kwamba akili yake ingali hai. Levi hakuwa mtu wa kuipamba njaa. Ni yeye aliyeandika kwa kina namna ilivyowavunja wafungwa. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Mwambao una mashahidi wake. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili hivi baada ya kufiwa na mumewe, ili amwachie binti yake wasia. Kwa hesabu ya ngazi, mwanamke huyo alikuwa amepungukiwa chini kote: afya, usalama, mume. Angetarajiwa kushughulika na dawa peke yake. Yeye aliukusanya mwili uliochoka akatunga, kwa bahari yenye vina na mizani, jambo ambalo mtoto angeweza kulikariri. Hakutunga ili ajikamilishe. Alitunga kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuambiwa, na wakati ulikuwa mfupi.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya ilikuwa ikielekea wapi. Sehemu kubwa ya kifungo alitengwa peke yake. Alitunga humo, akiandika juu ya karatasi za chooni, na diwani yake ya Sauti ya Dhiki ikachapishwa mwaka 1973. Wasomaji wa mwambao wanaijua vyema diwani hiyo na hawahitaji kusimuliwa. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni jina lake. Dhiki haikuwa kizuizi ambacho sauti ilingoja kiondoke. Dhiki ndiyo iliyokuwa na sauti.

Na kabla ya watunzi wenye majina kuna nyimbo zisizo na mwenyewe. Watu wanaovuta chombo kukishusha majini huimba ili mikono ivute kwa pamoja; wanaotwanga huimba ili mchi upande na kushuka kwa zamu. Wimbo wa namna hiyo haungojei chakula kipatikane. Ni sehemu ya kazi ya kukipata. Historia ya ushairi wa Kiswahili, kama ya lugha nyingi, ina mguu mmoja katika kazi ya mikono, na nadharia inayoliona shairi kama tunda la shibe haina mahali pa kuuweka mguu huo.

Maslow ana jibu lake kwa mashahidi wa aina hii. Anasema wale wanaostahimili njaa au mateso kwa ajili ya fikra ni watu walioshibishwa vizuri utotoni, khasa kwa mapenzi na usalama, wakapata nguvu ya kuvumilia upungufu ukubwani. Jibu hili si la kijinga, na kwa baadhi ya watu huenda ni sahihi. Udhaifu wake ni kwamba haliwezi kushindwa. Aliyesimama imara alilelewa vizuri. Aliyevunjika hakulelewa vizuri. Na kama maisha ya utotoni hayajulikani, yatabuniwa yafanane na mwisho. Shairi lenye ufunguo unaofungua kila mlango huitwa fumbo baya. Nadharia nayo istahili hukumu hiyo hiyo. Mwaka 2011 Louis Tay na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu wa nchi 123 na kuonesha kwamba haja za aina aliyoieleza Maslow zinahusiana kweli na furaha ya maisha, takribani kila mahali, lakini kila moja ina mchango wake hata pale nyingine hazijatimia. Haja zikathibitika kuliko ngazi.

Upande wa pili wa somo hili unamgusa mshairi karibu zaidi, nao ni ujira. Ikiwa mtu hutenda kwa kufuata malipo, basi atakaye mashairi mengi na atoe fedha. Mashaka ya kwanza yaliletwa na nyani. Harry Harlow wa chuo kikuu cha Wisconsin, ambaye Maslow alikuwa mwanafunzi wake, aliwapa nyani komeo na vipingo vya kufungua bila ya kuwaahidi chakula. Wakafungua, wakarudia, kwa kule kufungua tu. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo waliopewa vipande vya fumbo la kupanga. Waliolipwa dola moja kwa kila fumbo, malipo yalipoondolewa, walikuwa na mwelekeo wa kuyaacha mafumbo katika nafasi yao ya mapumziko kuliko wasiopata kulipwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walikwenda kwa watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota na utepe walichora. Lakini baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ya ahadi, hamu yao ilikuwa imeshuka kiasi cha nusu ikilinganishwa na wenzao. Waliopewa cheti hicho hicho kwa ghafla, bila ya kuahidiwa kabla, hamu yao haikudhurika.

Kisha mwaka 1985 Teresa Amabile, akifundisha chuo kikuu cha Brandeis ambako Maslow mwenyewe aliwahi kufundisha, aliwageukia watunzi. Vijana 72 wenye mazoea ya kuandika waliombwa watunge shairi fupi juu ya theluji. Baadaye kundi moja likapewa orodha ya sababu za ndani za kuandika, kama raha ya kucheza na maneno, walipange lipi kwao lina uzito. Kundi jingine likapewa sababu za nje, kama fedha na umaarufu. Kundi la tatu halikupewa kitu. Wakatunga la pili, juu ya kicheko. Washairi 12 wakahukumu bila ya kujua nani ni wa kundi gani. Wale waliotafakari fedha na umaarufu kwa dakika chache tu walitunga dhaifu kuliko wengine. Hawakulipwa hata senti. Kufikiria malipo kulitosha.

Matokeo haya yamegombaniwa sana. Wapo waliodai kwamba athari ya malipo imetiwa chumvi, na mwaka 1999 Deci na wenzake wakajibu kwa kuchambua majaribio 128 na kusimama pale pale, huku wakikiri kwamba sifa ya maneno haina madhara ya fedha iliyoahidiwa. Kwa mpenda mashairi, kuna mfano ambao maabara haingeweza kuupanga. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Hakuna aandikaye juu ya karatasi za chooni akiitarajia tuzo kama hiyo. Ilikuja kama cheti cha ghafla cha wale watoto, na mashairi yalikuwa yamekwisha kuwa yalivyo.

Lakini hapa tena hukumu haifai kuharakishwa. Ushairi wa mwambao haukuwa kamwe bustani ya sababu za ndani peke yake. Mashairi yameagizwa kwa harusi, kwa maombolezo na kwa siasa, na si yote yaliyoagizwa ni mabaya. Taarabu ina desturi ya kutunza. Ubeti ukiimbwa, mwanamke huinuka, husogea mpaka kwa mwimbaji na fedha mkononi, na ukumbi mzima humtazama. Je, fedha ile ni mshahara? Mara nyingine ndiyo. Lakini aliyeinuka amesema pia: huu ubeti ni wangu; na pengine amesema, akimtupia jicho aliyekaa upande wa pili: huu ni wako. Tunzo hiyo ni jibu. Amabile hana safu ya kuiandika katika jedwali lake, kwa sababu watunzi wake 72 walitunga juu ya theluji na kicheko, kila mtu peke yake, bila ya kumwambia mtu yeyote lolote, wakahukumiwa na watu wasiowajua.

Hapo ndipo nadharia hizi zote mbili, ya ngazi na ya ujira, zinapokutana katika upungufu mmoja. Zinamtazama mtu akiwa peke yake, na huuliza ni nini kilichomo ndani yake kinachomsukuma, tumbo au raha. Ushairi wa Kiswahili kwa sehemu kubwa ni wa kujibizana. Muyaka bin Haji aliwajibu watu wa Lamu. Washairi wa Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, walifungiana mafumbo na kufunguliana. Mwana Kupona alimsemesha binti. Levi hakuyakumbuka mashairi ya Dante gizani peke yake. Aliyakumbuka kwa sababu Jean alikuwa kando yake akitaka kufahamu. Hata mfungwa aliyetengwa hutunga akiwasemesha walio nje ya ukuta. Kinachosukuma, mara nyingi, hakimo ndani ya mtunzi wala katika bahasha. Kimo kwa yule anayengojewa asikie.

Deci na mwenzake Richard Ryan walilikaribia jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1985 na maandishi yaliyofuata, walipozitaja haja tatu za nafsi: kujiamulia, kuwa na umahiri, na kuwa na uhusiano na wengine. Hawakuzipanga kwa ngazi, na hilo peke yake ni hatua. Kati ya hizo tatu, uhusiano ndio uliofanyiwa kazi kidogo katika majaribio ya mafumbo na kalamu, nao ndio ambao ushairi wa mwambao ungeweza kuufundisha. Mtunzi anayejibu ana uhuru wa kulichagua neno lake, anabanwa na bahari na vina vinavyompima umahiri, na ana mtu mbele yake. Haja zote tatu zimo katika ubeti mmoja, nazo hazipandiani.

Wanawake wa visiwani huyafukia makumbi ufukweni kwa miezi, huyafukua, huyaponda, na kutoka humo husokota kamba. Nyuzi za kamba hazina ya kwanza wala ya pili. Ukizichambua, kila moja ni dhaifu; zikisokotwa, hufunga chombo. Maslow mwenyewe alikuwa na wazo hilo aliposema kwamba kitendo kimoja husukumwa na haja nyingi kwa pamoja, kisha wafuasi wake wakalitupa na kubaki na ngazi, kwa kuwa ngazi ni rahisi kuichora ubaoni.

Kwa hiyo anayesema tumbo kwanza, shairi baadaye, anastahili jibu lenye adabu. Ni kweli kwamba njaa huua hamu, na mshairi asiyeshughulishwa na maji na dawa za watu wake ana upungufu usioponywa na vina. Lakini si kweli kwamba taaluma ya nafsi imethibitisha kuwa neno lingoje. Mchoro unaosema hivyo haukuchorwa na aliyesingiziwa, na nchi 123 hazikuukubali mpangilio wake. Kinachothibitika ni kwamba mtu mwenye dhiki hutafuta mkate na hutafuta mtu wa kusema naye, na kwamba aliyenyimwa cha pili huweza kukitoa cha kwanza ili akipate. Shule inayofuta kipindi cha mashairi kwa sababu watoto wana njaa itakuwa na watoto wenye njaa wasio na maneno ya kuisema. Waliojua kuisema ndio waliowafanya wengine wasikie.